Mwosha na Mgeni Wake

Mtaani kwetu, Mji wa Kale, mwanamke akifa hakuna aliyeuliza nani atamwosha. Alikuwa mmoja tu. Jina lake la kuzaliwa nalijua, lakini sisi sote tulimwita Mwosha, na yeye mwenyewe ukimpigia hodi alijibu kwa ndani, "Mwosha yupo, pita." Alilisema kama mwengine anavyosema kwamba yeye ni fundi seremala. Hakuona haya nalo wala hakujivuna.

Alikuwa mrefu, mkavu, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko ya mume wangu. Ngozi ya vidole ilikuwa imepauka na kukunjamana kwa maji ya miaka. Harusini alialikwa kama watu wote, akaja na leso zake zilizofukizwa udi, lakini palikuwa na nafasi tupu kila upande wake. Watu hawapendi kukaa karibu na mkono utakaowageuza siku moja. Yeye alikuwa akiitazama nafasi ile, akanyoosha miguu na kusema, "Leo nimepawa pahali papana." Halafu akala halua mpaka sinia likaonekana maua yake.

Nyumba yangu na yake zilishiriki ukuta mmoja. Mimi nilikuwa nikishona kofia, na mshona kofia hukaa dirishani apate mwanga. Dirisha langu la mbele lilitazama kichochoro, la nyuma lilitazama ua wake, kwa hivyo niliyajua mengi. Na nikiri mapema kwamba nilikuwa na ulimi. Hilo litakuja mahali pake.

Kwanza nimseme mbwa, maana bila mbwa hakuna hadithi.

Ilikuwa miaka ile reli imeshika kwenda bara, na Kilindini imejaa vyuma, mbao na Wazungu wekundu wa uso. Mwosha alikuwa ameitwa huko kumwosha mke wa mtu. Wakati wa kurudi, alikuta mbwa amefungwa kwenye nguzo karibu na ghala la mizigo. Mzungu wake alikuwa amepanda meli siku mbili nyuma, na nahodha alikataa kupakia mnyama. Maji hayakuwako, kivuli hakikuwako. Mwosha akamwomba hamali aikate kamba kwa kisu, akashika njia yake ya kurudi mjini bila kumtazama tena.

"Sikumtukua," alituambia sote tuliotoka kushangaa. "Alinifuata. Ndia si yangu."

Alikuwa mbwa mfupi, mweupe, mwenye sikio moja la kahawia na manyoya magumu kama brashi ya kusugulia sakafu. Chini ya mdomo alikuwa na ndevu za mzee wa baraza. Wazungu wa reli waliliita kabila lake teria. Jina lake mwenyewe alikwenda nalo yule bwana wake, basi Mwosha akamwita Mgeni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tusemavyo. Huyu siku ya tatu alikuwa amekwisha jitwalia jembe mwenyewe, kwa kucha. Aliufukua mchicha wote wa Mwosha, akafukua na mizizi ya mwasumini, akalala juu ya udongo mbichi, ametosheka.

Mtu wa mbali huenda asielewe kwa nini jambo hili lilitutoa majumbani. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafi. Mbwa kwetu ni najisi nzito. Ukiguswa na mate yake, au ukimgusa ukiwa na majimaji, huna budi kuosha mahali hapo mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo. Sasa chukua mwanamke ambaye kazi yake ni tohara, anayetutia sisi sote maji ya mwisho kabla ya kaburi, umwone ana mbwa uani. Hata muuza mafuta angesemwa. Sembuse Mwosha.

Yeye alikwenda kwa sheikh siku hiyo hiyo, kwa miguu, juani. Alivyorudi alinisimulia dirishani.

"Nimemuuliza, mbwa yafaa kumweka? Akanambia, mbwa wa kutunza mifugo, wa shamba, na wa kuwinda, hapana neno. Nikamwambia, na wa panya? Akateka, meno yote nje, mpaka kilemba kikamlegea. Akasema kitabuni panya hawakutajwa."

"Basi utamtoa?" nikamuuliza.

"N'tanunua mbuzi," akasema.

Na akanunua, wawili, ili Mgeni awe na mifugo ya kutunza. Kwa kweli mbuzi ndio waliomtunza yeye. Jike mkubwa alimpiga pembe siku ya kwanza, na tangu hapo Mgeni alikuwa akizunguka ua mzima kwa kupitia ukutani asikutane naye. Ila Mwosha alikuwa ametimiza sharti, na mtu akimuuliza alionyesha mbuzi kwa kidole na kuendelea na kazi zake.

Sikupata kumwona mtu aliyeishi na sheria kwa uangalifu kama yeye. Mbwa hakukanyaga ndani ya nyumba hata siku moja. Chakula chake, vichwa vya samaki vilivyotolewa miiba na ugali wa mtama usio chumvi, kilitiwa katika kifuu kikubwa ambacho hakikushikwa kwa mkono ila kwa kipande cha gunia. Maji alimiminiwa kwa kata, kutoka juu. Mlangoni pa ua palikuwa na kapu la udongo safi aliouchekecha mwenyewe, na kando yake mtungi wa maji uliokuwa wa kazi hiyo tu. Alikuwa na kaniki kuukuu aliyoivaa kwa ajili ya mbwa, ikatundikwa msumarini nje, wala haikuingia na nguo nyengine.

Saa ya kumtengeneza Mgeni ilikuwa baina ya adhuhuri na alasiri, wakati kila kitu kimekauka. "Kavu kwa kavu haipokezani," alikuwa akisema, na hiyo ni sheria sahihi, nenda kaulize. Alikaa juu ya kigoda, akamweka Mgeni miguuni, akaanza kumnyonyoa. Jambo hili alifunzwa na mpishi mmoja wa Kigoa aliyewapikia Wazungu wa reli, aliyepita kichochoroni akamkuta ameshika mkasi.

"Mama, mama, weka mkasi!" yule mpishi alipiga kelele. "Huyu hanyolewi, hunyonyolewa. Ukimkata, manyoya yatageuka pamba, na ngozi itamwasha mpaka ajile."

Akamwonyesha kwa kidole gumba na cha shahada namna ya kuvuta unywele uliokufa, kufuata unakoelekea, kidogo kidogo, na mbwa asihisi kitu. Mwosha akajifunza kwa siku moja. Vidole vile vilivyozoea kufungua ngumi za maiti vilikuwa vyepesi ajabu. Mgeni alikuwa akifumba macho, kidevu juu ya goti lake, na manyoya meupe yakapeperuka mpaka dirishani kwangu yakaingia katika kofia zangu. Nililalamika sana. Yuko bwana mmoja mwenye heshima zake aliyesali mwaka mzima na unywele wa mbwa katika kofia ya mshono wa vito, nami sikumwambia mpaka leo. Mkavu, lakini.

Kupe alikuwa akiwang'oa kwa koleo ndogo, akiwatia katika mafuta ya taa. Masikio alimfuta kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Wakati wa masika, maadamu mbwa amelowa, hakumgusa kabisa, alimsukuma kwa fimbo yenye gunia nchani mpaka kwenye banda la mbuzi, akimsemesha njia nzima: "Nenda, baba, nenda, usinipake." Kaskazi ikikaza Mgeni alijichimbia shimo kivulini akalaza tumbo kwenye udongo wa baridi. Mchicha tena haukupandwa. Mwosha alininunulia mimi mchicha sokoni, akiniambia ule wake umepata mpangaji.

Tabia nyengine za yule mbwa zilikuwa za kutia aibu. Adhana ikilia aliinua pua akaitikia kwa kilio kirefu. Mwosha alifadhaika, akawa anamwekea kwato la mbuzi kila wakati wa sala ukikaribia, ili mdomo uwe na shughuli. Toroli zilizosukumwa juu ya reli zake barabara kuu alizichukia kama aliyedhulumiwa nazo. Akizisikia tu, hata awe amefungwa kwa kamba ya usumba, aliitafuna akatoka mbio, na Mwosha nyuma yake, leso mkononi, mtu mzima yule, akiita, "Mgeni! Mgeni weye!" Watu waliokuwa wamepakiwa ndani ya toroli walikuwa wakigeuka kutazama ni mgeni gani huyo anayekimbiliwa hivyo.

Kwa panya, lakini, alikuwa na heshima yake. Siku zile palikuwa na hofu ya maradhi yaletwayo na panya, na mke wa muuza nafaka, ambaye ghala la mumewe lilikuwa chini ya vyumba vyake, alikuwa halali kwa kuwasikia wakitambaa. Akatuma mtu kwa Mwosha: tuazime Mgeni. Mgeni akaingia ghalani asubuhi, akatoka adhuhuri, ndevu zimejaa unga. Hakuwala. Aliwakamata shingoni, akawatikisa mara moja, akawaweka chini, akamwendea mwengine. Mke wa muuza nafaka alikuwa akimwona kutoka kwenye ngazi, leso puani, na kusema, "Mashallah, mashallah, usinikaribie."

Nimeanza na vichekesho kwa sababu ndivyo ninavyomkumbuka. Ila Mwosha hakuwa mtu wa vichekesho tu. Hakuogopa maiti wa namna yoyote, hata waliokaa majini, lakini akiona mjusi alipanda juu ya kiti. Alikuwa bahili wa maji kwake mwenyewe, akioga kwa kata tatu, kwa maiti alimwaga mtungi kwa mtungi, na wenye nyumba wakinung'unika aliwaambia, "Hataomba tena." Na lililo kubwa kuliko yote: alikuwa ameona miili ya mama zetu, shangazi zetu, wifi zetu. Aliona kovu, aliona alama ya kipigo, aliona tumbo la mjane lililokuwa na jambo. Hakusema. Miaka yote niliyoishi naye ukuta kwa ukuta, nami nilijaribu kumtoa maneno kwa kahawa na kwa halua, hakunipa hata neno moja la marehemu.

Nami niliyekuwa nikimchimba ndimi niliyemvunja.

Ilikuwa hivi. Alifariki mwanamke mmoja nyumba ya nne kutoka kwetu, nao wakamwita Mwosha. Alitoka mlangoni pake amebeba furushi la vitambaa. Mgeni alikuwa amekata kamba. Alimrukia kwa furaha akamlamba mkono wa kulia, kiganja na vidole. Nilikuwa dirishani. Mwosha aliutazama mkono wake, akamwingiza mbwa uani kwa fimbo, akafunga mlango, akaenda zake kwenye nyumba ya msiba. Kapu la udongo hakuliendea. Niliona kwa macho yangu, na niliyoyaona yalikuwa kweli. Ila niliona nusu, na nusu ya pili sikungoja kuiuliza.

Baada ya siku chache palikuwa na shughuli ya kutia hina, wanawake wamejaa ukumbini, kahawa inazunguka. Mazungumzo yakapoa kidogo, nami nilikuwa na kitu cha kuyapasha moto. Nikasema. "Kalambwa na mbwa, akenda vivyo hivyo kumwosha maiti." Nilisema kwa kucheka, kama mtu anayesimulia mbio za toroli. Hakuna aliyecheka. Mke wa muuza nafaka aliweka kikombe chini, akasema, "Mamangu mimi aliniosheya yeye." Nikaona kila mwanamke pale anamhesabu maiti wake.

Tangu siku hiyo Mwosha hakuitwa. Wakaleta mwanamke kutoka mtaa mwengine, mwenye haraka na mikono mifupi. Hakuna aliyekwenda kumwambia Mwosha sababu. Ilichukua miezi kabla wanawake watatu hawajajikusanya kwenda kwake, nami nikiwa wa nne, nyuma, kwa woga wa kuonekana sikwenda. Mke wa muuza nafaka ndiye aliyesema, na habari ya kulambwa hakuitaja.

"Mama, sisi twakutaka. Mtoe mbwa tu. Kilindini kuna Mzungu atampokea leo leo. Ukimtoa, yamekwisha, sote twarudi kwako."

Mwosha alitukaribisha kahawa kwanza. Akaimimina, akatuangalia mmoja mmoja.

"Huyu mbwa ni mnyama, na mimi namwonea imani, na kumtoa n'taumia, lakini si hilo," akasema. "Nikimtoa kwa maneno hayo, n'takuwa nimekubali. Kila alowahi kuoshwa na mimi, mwanawe atalala na shaka. Mamako weye," akamwambia mke wa muuza nafaka, "nalimwosha sawasawa. Sitakupa shaka juu ya mamako ili mimi nipate kuitwa."

Tulikunywa kahawa ile, tukaenda zetu. Wengine walisema ni kiburi, wengine wakasema Wazungu wamemroga kupitia mbwa. Na panya waliporudi ghalani, mke wa muuza nafaka akatuma tena mtu aje kumwazima Mgeni. Nilimwuliza Mwosha kwa nini anampa.

"Panya wao hawakunikosea," akasema.

Mwaka uliofuata ndipo nilipoipata nusu ya pili. Dada wa yule marehemu, mtu wa Malindi, aliyekuwako siku ya msiba kisha akarudi kwao, alikuja Mombasa akaniagiza kofia ya mwanawe. Bila mimi kumuuliza akamtaja Mwosha, kwa kumsifu.

"Yule mwosha wenu, mashallah. Siku ile alipofika kwetu, kabla hajavua viatu, akaniomba mtanga safi na mai. Akanambia, mbwa wangu kanilamba sasa hivi, nimwagie. Nikamwagia mara saba. Nikamwambia mkono umetakata, mama, hata bila mtanga. Akasema hapana, tuhesabu tena tangu mwanzo, nalipotewa na hesabu. Tukahesabu tena."

Nilikuwa na sindano mkononi nikajichoma. Nilichukua kipimo cha kofia ya mwanawe, nikampa maji ya kunywa, nikamsindikiza. Sikwenda kwa Mwosha, wala sikwenda kwa mtu. Nilijiambia neno likitoka halirudi. Nilijiambia litasahaulika. Miaka mitatu nilijiambia hivyo, na miaka mitatu hiyo nilikuwa nikiona jambo ambalo wengine hawakuliona, kwa kuwa dirisha ni langu. Kilio cha msiba kikisikika mtaani, Mwosha alikuwa akitoka mlangoni amevaa leso safi, furushi la vitambaa mkononi. Akasimama. Mgeni akakaa miguuni pake, masikio wima. Walisimama hivyo hata akapita yule mwanamke wa mtaa mwengine. Hapo Mwosha aliingia ndani, na nilimsikia kupitia ukutani akizikunja tena nguo zake na kuziweka sandukuni. Niliona aibu mpaka nikahamisha kiti changu kwenye dirisha la ua, nikakaa nimeupa ua mgongo, mwanga unijie begani.

Mwaka wa nne Mungu akatujaalia mimi na mume wangu, aliyekuwa karani forodhani, kuipata njia ya Hija. Kwetu mtu akikusudia Hija hupita mlango kwa mlango kuwaomba watu radhi, asiende kwa Mola wake na deni la moyo. Nilizunguka siku tatu. "Niwieni radhi kwa yote." "Tumekuwia." Ni maneno mepesi, yanakwenda na kurudi kama salamu. Mlango wa Mwosha niliuweka wa mwisho.

Nilimkuta uani, juu ya kigoda. Mgeni alikuwa mzee sasa, ndevu zimekuwa njano, macho yana ukungu, na manyoya yamemjaa mpaka usoni.

"Masalkheri, mama. Nimekuja kukuaga. Niwie radhi kwa yote."

"Yote hayana mlango," akasema. "Taja moya."

Nilitaka kuondoka. Nikakaa chini, mbele ya mbwa, nikalitaja: dirisha, mkono, shughuli ya hina. Nikamtajia na yule dada wa Malindi, na miaka mitatu niliyonyamaza. Nililia, sikuona haya. Hakunikatiza. Nilipokwisha akasema, huku akimtazama Mgeni:

"Nalikuwa nikiyuwa ni wewe. Dirisha lililofunguliwa siku ile lalikuwa moya."

"Basi nifanye nini, mama?"

"Maneno uliyapeleka hinani. Kayarudishe hinani. Hapa kwangu hayakuanzia, hapa hayawezi kwisha."

Shughuli ya hina iliyokuwa karibu ilikuwa ya mke wa muuza nafaka, anamwoza binti yake. Nilikwenda. Ukumbi ule ule wa wanawake, wengi wao wale wale, na mama wa muuza nafaka, kikongwe, amekaa juu ya mto pembeni. Nilisubiri kahawa ipite mara moja, nikasimama. Nikasema kwamba miaka minne nyuma nilisema neno mbele yao, na neno lile lilikuwa pungufu, na upungufu wake niliujua miaka mitatu nikaufunika. Nikayasema ya Malindi, yote, hata ya kuhesabu upya. Nikasema maiti zao zimeoshwa sawasawa, mwenye dhambi ni mimi.

Hawakunitukana. Ingekuwa nafuu. Mke wa muuza nafaka alilia kwa sauti, furaha ya harusi ikamharibikia, na wanawake wawili waliokuwa wamenikaribia wakavuta miguu yao upande mwengine. Nafasi ikawa tupu kulia kwangu na kushoto kwangu. Nilirudi nyumbani peke yangu, nikafunga madirisha yote mawili.

Haikupita wiki mbili, na safari yetu ya Hija bado, yule kikongwe, mama wa muuza nafaka, akafariki. Ilikuwa asubuhi. Nilisikia kilio, nikasikia nyayo kichochoroni zikisimama mlango wa pili, na sauti ya mke wa muuza nafaka mwenyewe, hakutuma mtu: "Hodi, mama. Hodi." Na jibu: "Mwosha yupo." Nilikaa juu ya kitanda nikamshukuru Mungu.

Kisha ukabishwa mlango wangu. Alikuwa yeye, leso safi, furushi kwapani.

"Wameniita," akasema. "Twende."

"Mimi, mama?"

"Wewe."

Mgeni alifungwa uani kwa mnyororo, akilia, na sisi tukaenda. Hakuniambia sababu njiani. Chumbani walikuwa wameweka kila kitu: kitanda cha kuoshea, majani ya mkunazi, kafuri, mitungi iliyojaa. Wenye nyumba wakatoka, tukabaki sisi wawili na marehemu. Mwosha akamfunika, akasoma aliyoyasoma, akatia kata mtungini akaiinua. Mkono ukatetemeka. Akaukamata kwa mkono wa pili, na wa pili nao ulikuwa ukitetemeka, maji yakamwagika yote sakafuni kabla hayajamfikia maiti. Akajaribu tena, yakamwagika tena. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini Mgeni alikuwa amejaa manyoya. Vidole vile havikuweza kushika unywele, tangu lini sijui, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha jifunza kutomtazama.

Alinipa kata.

"Mimi n'tasema," akasema. "Wewe utaosha."

Akakaa juu ya kiti kichwani pa maiti, mikono ameibana mapajani. Nikavaa kitambaa mkono wa kushoto kama alivyonielekeza. Machozi yalikuwa yakinitoka, nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, miaka yako minne nimeila mimi. Unipe radhi."

"Radhi nalikupa siku ile ile uliponitajia uani, nisikae na kinyongo moyoni," akasema. "Haikuwa radhi nilokuwa nikiitaka. Nalikuwa nataka kazi yangu."

Nikainama nikachota maji mtungini.

"Futa mato yako," akaniambia. "Mai haya hayatiwi kitu ila mkunazi. Haya, upande wa kulia, toka begani, polepole. Si kama wafua nguo. Polepole, mwanangu. Huyu ni mtu."